Duara la Bluu

Shija, ng'wana wane, mwanangu,

Ni mama yako. Anayeandika ni Pendo, yule mwenzako wa kazini, maana mkono wangu unaujua, haujawahi kushika kalamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Amekaa kwenye kiti chako. Mimi niko kwenye kigoda changu, mlango tumeuacha wazi kwa sababu ya joto, na kuku wa Mama Regina ameshaingia mara mbili tangu tuanze. Pendo, mfukuze huyo kuku. Haya, andika.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilifanya kitu hapa hapa mezani kwako, na sitaki ukisikie kwa mtu mwingine. Nitakifikia. Unanijua, mimi nikitumwa chumvi narudi na habari za mtaa mzima, chumvi nimeisahau. Wewe ulikuwa unanisubiri. Nisubiri na leo.

Kwanza habari za hapa Mkolani. Mvua imekwisha. Lile bati la jikoni ulilosema utaligongelea misumari Jumamosi, amelipigilia kaka yako Doto, kalipigilia vibaya, upepo ukija linapiga makofi. Mpapai wako umezaa, mapapai madogo kama ngumi, lakini matamu. Nimekula moja. Mengine nimeshindwa, nawapa watu.

Tanga tulilianua vizuri, watu walinyolewa, chakula kilitosha. Baba yako mdogo alitoka Bujora kuja kusimamia ugawaji wa vitu vyako, maana ndiyo mila, nguo za mtu haziachwi zinaning'inia. Mashati akapewa Doto. Pacha wake Kulwa akachukua blanketi na redio. Ndipo baba yako mdogo akauliza, "Na hiyo kompyuta je?" Nikasema ni ya ofisi. Akasema, "Shemeji, kitu kilichokutwa chumbani kwa marehemu ni cha marehemu. Ofisi haikuzaa mtoto." Watu wakacheka, hata msibani watu wanacheka. Nikamwona anainuka. Nikaiwahi, nikaipakata kama mtoto mchanga, nikashusha kitenge juu yake, nikakaa nayo hivyo mpaka wakamaliza kugawana. Akaniambia, "Mama Kulwa, toa hicho kitu, unatutia aibu." Nikamwambia, "Nitoe nini? Nanyonyesha."

Ilikuwa ya moto, Shija. Hicho ndicho sikuwaambia. Tangu siku ile hakuna aliyeizima. Chini ya kitenge niliisikia inahema, inanyamaza kidogo, inahema tena.

Pendo anasema nieleze tangu mwanzo, mtu mwingine akisoma hataelewa. Nani mwingine atasoma barua yako? Lakini sawa, huenda hata wewe huko mtu anasahau.

Kazi yenu ilikuwa kutazama choo cha watoto. Samahani, lakini ndiyo hivyo. Watoto wa shule za ufukweni wanatoa choo, watu wa maabara wanakipaka kwenye kioo, wanakipiga picha kwa ile darubini inayokuza vitu, halafu mtu anakaa kutafuta mayai ya kichocho ndani ya picha. Mwenzako mliyekuwa mnatazama wote alikwenda masomoni, kazi ikasimama, maana ilitaka macho ya watu wawili. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Miaka mingapi nimechambua mchele wa wafanyabiashara pale Mirongo? Tangu wewe uko mgongoni. Jiwe jeupe ndani ya punje nyeupe, nalitoa huku nasengenya watu. Ukasimama mlangoni kunitazama, kikombe cha chai mkononi, hata hukunywa. Ukasema, "Mama, acha ungo, njoo uone kitu."

Ukanionyesha picha. Nikadhani ni uji wa ulezi umeungulia sufuriani. Ukaweka kidole, "Hili hapa ni yai. Linafanana na punje, lakini ubavuni lina mwiba. Bila mwiba siyo lenyewe. Tafuta mengine." Nikatafuta. Nikakuonyesha saba. Wewe ulikuwa umeona sita. Ukasogea, ukarudi nyuma, ukasogea tena, ukasema, "Mama, wewe ni mchawi." Nikakuambia uchunge mdomo, neno hilo usiliseme mlango ukiwa wazi, mwanamke mzee huku kwetu anajua linavyoishia. Na macho yangu yenyewe yalivyokuwa yanakuwa mekundu baadaye kwa kutazama kioo kile, nilikuwa nikienda kisimani nainamisha kichwa, majirani wasiyaone wakasema ndiye mchawi mwenyewe. Ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa sicheki.

Bosi wako alikataa. Akasema huyo mama hajui kusoma. Ukamwambia, "Bosi, picha haina herufi." Wakanileta pale ofisini, wakanipa picha ambazo majibu yake wanayo, vijana waliovaa makoti meupe wakasimama nyuma yangu kama wanaangalia mpira. Nilivyomaliza, bosi akauliza tu kama nimekula. Nikajua nimepita. Ukaweka kidole gumba changu kwenye kompyuta ikanijua. Kila siku kidole hiki kinapakwa wino nisaini vitu nisivyovielewa. Siku hiyo hapakuwa na wino, na nilielewa.

Halafu ukanieleza kwamba picha zenyewe haziko humu ndani. Nikauliza, ziko wapi? Ukasema ziko kwenye mashine kubwa sana, mbali, nchi ya baridi, sisi tunachungulia tu kwa dirisha hili. Na siyo sisi peke yetu, watu wa nchi nyingi wanaitumia hiyo hiyo kwa zamu. Nikasema, kumbe ni mashine ya kusaga! Kila mtu na debe lake, na debe la mmoja likiwa mdomoni, wengine wote wako kwenye benchi wanapiga soga. Ukasema ungekuwa na mimi chuoni ungefaulu zaidi. Ofisi yenu ina nafasi moja tu pale. Fungu la picha likishaingia halitoki mpaka watu wawili wamelimaliza. Ukilitoa kwa nguvu, alama zote ambazo hazijapata mwenzake zinamwagika.

Na alama zenyewe. Wewe ulichora duara la bluu kila penye yai. Mimi jekundu. Lakini ya kwako siyaoni. Mpaka nimalize picha, nibonyeze, ndipo ya kwako yanatokea, moja moja, pembeni ya yangu. Tukikubaliana, mashine inajifunza kwamba yai liko hivi, kesho italitafuta yenyewe. Tukipishana, tunakaa tunabishana mpaka mmoja akubali, na duara lisilo la kweli linafutwa. Siku ya kwanza kabisa ulinishika mkono ukasema, "Mama, usinifuate. Usichore unachodhani mimi nimekiona. Chora ulichokiona wewe. Ukinifuata tunakuwa mtu mmoja, na mtu mmoja hatoshi."

Wiki ile ile nikachora povu. Kipovu cha hewa kimenaswa kwenye kioo, mimi nimekizungushia jekundu kwa madaha yote. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukaniita Mama Povu. Ukamwambia bosi. Mwaka mzima, mimi nikikosea tu hata chumvi kwenye mboga, "Mama Povu huyo!" Nilikuwa nanuna. Wewe ulidhani nanuna kweli.

Tulikuwa tunagombana kila picha. Wewe ulikuwa mwepesi kwa yale yaliyofifia, unayaonea huruma, unasema hili lilikuwa yai. Mimi nasema mwiba uko wapi? Nionyeshe mwiba. Unasema umekatika. Nasema basi na mimi nitasema hili jiwe lilikuwa mchele. Majirani walidhani tunagombania shamba.

Mwiba ule, Shija. Nilikuwa nautazama siku nzima na sikukuambia moyo wangu ulivyokuwa unafanya. Kule Kayenze tulipokuwa tunakaa, mimi ndiye niliyekuwa nakutuma ziwani. Unachukua kidumu cha njano, unaingia mpaka kiunoni kwa sababu pembeni ni tope, unakaa huko unaogelea na wenzako, nakuita unajifanya husikii. Sikujua maji yana nini. Daktari aliposema ini lako limekuwa gumu, dawa umemeza lakini umechelewa, vile vijidudu vya kichocho viliingia kwenye ngozi tangu utoto, mimi nilirudi nyumbani naona kidumu cha njano tu. Nikakuambia hapa mezani, "Ni mimi niliyekutuma." Hukuinua hata macho. Ulisema, "Mama, ulitaka tunywe nini?" Halafu ukasema, "Angalia pale pembeni, umeruka moja." Basi. Hatukuongea tena habari hiyo.

Siku ile nilikuwa uani. Nilikuwa nimekaa kwa Kulwa wiki nzima, nimerudi, wewe umeshalimaliza fungu karibu lote na mimi niko nyuma yako picha sitini. Ukaniambia, "Mama leo ujitahidi, Pendo anasubiri nafasi." Nikasema nimalize mchele huu kwanza. Redio ya Mama Regina ilikuwa kwenye matangazo ya vifo, yale ya saa nne na nusu. Ukaita, "Mama, njoo na beseni." Hukupiga kelele. Mtu angedhani unataka kunawa. Nikaja na beseni na damu ilikuwa

Pendo, acha hapo. Usiandike. Hapana, andika. Andika kwamba nilikuja na beseni.

Tulipomaliza tanga Pendo akaja. Akaamkia, akakaa, akanywa uji, akageuza geuza kikombe. Mwishoni akasema, "Mama, jina la Shija bado liko kwenye mashine." Nikamuuliza liko vipi? Akasema kule ofisini wakifungua wanaona majina ya watu walioko kazini, kila jina na kitone cha kijani, na la kwako lina kijani. Siku waliyorudi kutoka makaburini yeye ndiye alifungua wa kwanza, akakiona, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Mashine haijaambiwa. Dirisha liko wazi, fungu liko mdomoni, yenyewe inajua upo, umenyamaza tu.

Akasema picha zake yeye za watoto wa vijiji vitatu ziko kwenye benchi zinasubiri. Wale watoto watapewa dawa kwa kufuata hizo picha. Bosi anataka lifungwe kwa nguvu. "Lakini tukilifunga, mama, alama zake zitamwagika. Sitini hizo ambazo wewe hujazitazama." Nikamwambia nipe muda. Huyu mtoto akanipa. Sijui alimwambia nini bosi wake, hajawahi kuniambia.

Basi nikafungua kwa kidole changu. Picha ya kwanza nikachora matano. Nikabonyeza. Na wewe ukaja.

Sijui nikuelezeje. Bluu ya kwanza ikatokea, ya pili, ya tatu, vile vile, taratibu, kama mtu anayetokea nyuma ya mlango anaweka vikombe mezani. Ya nne ulikuwa umechora lililofifia. Nikasema kwa sauti, "Mwiba uko wapi?" Niliinuka nikafunga mlango maana nilikuwa naongea peke yangu, na mlango ulikuwa wazi.

Nikaamua siku moja, picha moja. Naamka, nafagia, naoga kabisa, navaa kanga safi, halafu nakaa. Picha moja tu. Namaliza, unakuja, tunagombana, naifunika kompyuta. Kesho tena. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nina wewe siku sitini. Pendo alikuwa anapiga simu, "Shikamoo mama, tumefika wapi?" Nasema marahaba mwanangu, macho yananisumbua. Uongo. Macho yangu yalikuwa mazima kama ya kuku.

Nilijua kuna watoto wako kwenye benchi. Nilijua. Nilikuwa nikipita wanapotoka shule na ndoo zao nageuza uso.

Halafu nikafanya kibaya zaidi. Siku moja picha ilikuja, bluu zako zote zikakaa juu ya nyekundu zangu, sawa sawa, hakuna iliyobaki nje. Nilifurahi, Shija, nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele. Ikawa kama umenishika mkono. Kesho yake nikataka tena. Nikaanza kutazama picha siyo kwa macho yangu, kwa macho yako. Najiuliza, hapa Shija angechora? Hili limefifia, angelionea huruma, nalichora. Hili la pembeni limekatwa na ukingo wa picha, yeye halipendi, naliacha. Nabonyeza, unakuja, na tunakubaliana. Kila siku tunakubaliana. Chumba kilikuwa kinajaa. Nilikuwa nasikia kiti kinalia, nasikia kile kijisauti cha kipanya chako, tik, tik, niko jikoni na hakuna mtu chumbani. Sikuogopa. Nilikuwa naweka vikombe viwili.

Pendo akaja siku moja bila kupiga simu. Aliona vikombe viwili mezani. Alikaa pale kitini, akafungua, mashine inaonyesha jinsi watu wawili wanavyopatana. Akatazama muda mrefu. Akasema taratibu sana, "Mama, wewe na Shija mmeacha kugombana."

Mimi, mdomo huu, nikaanza kufuta meza kwa kanga.

Akasema, "Picha ishirini hamjapishana hata mara moja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona." Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Nikamwambia, "Nilikuwa namfuata." Akasema, "Najua, mama." Nikamwambia alinikataza. Akasema, "Hata mimi alinikataza."

Zile ishirini hazifai tena kwangu, kwa kuwa bluu zako nimeshaziona. Mtu akishaona jibu la mwenzake hawezi kujifanya hajaliona. Nyekundu zangu zimefutwa, Pendo amekaa kuzitazama upya kwa macho yake. Sasa ziko kwa jina lako na la Pendo. Mimi simo. Ishirini nilizokukumbatia nimezipoteza kwa kukukumbatia, na sina wa kumlalamikia.

Ishirini za kwanza, zile tulizogombana, zilikuwa salama, zikabaki ishirini za mwisho. Pendo akasema tunazimaliza leo, mama, mimi na wewe, siondoki. Hiyo ndiyo juzi. Nikanawa uso. Nikaleta ungo wangu nikauweka miguuni, basi tu, nikumbuke mimi ni nani. Nikaanza.

Nikachora ninachokiona. Mwiba upo, nachora. Mwiba haupo, napita. Ukaja na huruma zako na tukagombana kama zamani, Pendo ndiye alikuwa mwamuzi, mara anakupa wewe, mara ananipa mimi. Ulikuwa unanishinda kwenye yaliyojificha chini ya makapi, hapo nakuvulia kilemba. Nilikushinda kwenye yaliyofifia. Pendo alikuwa anacheka, anasema, "Mngekuwa hai wote msingenipa nafasi ya kusema." Akashtuka alichokisema, akashika mdomo. Nikamwambia endelea.

Picha ya mwisho ilikuwa safi, rangi ya chai kavu. Mayai mawili, miiba kama imechongwa. Nikachora mawili. Nikainamisha kichwa kama ninavyofanya, nikatazama tena kote, kona zote. Mawili. Nikakaa na kidole kwenye kipanya, sibonyezi. Pendo hakunihimiza. Bati la jikoni likapiga makofi. Nikabonyeza.

Bluu ikaja juu ya la kwanza. Bluu ikaja juu ya la pili. Halafu ikaja ya tatu, peke yake, kule juu kulia.

Nikasogea. Shija, lilikuwa povu.

Povu! Ukingo mweusi, katikati linang'aa, mtoto wa juzi angelijua. Wewe uliyeshika ukuta kwa kunicheka! Nilicheka, nilicheka mpaka Pendo akanishika mabega. Nikasema, "Mwandike huyo, Baba Povu!" Halafu Pendo akaweka mshale juu ya lile duara kwa sababu duara likiguswa linasema limechorwa lini. Namba nazijua, za saa na za simu. Ilikuwa siku ile. Saa nne na dakika ishirini na tano.

Redio ilikuwa bado haijaanza matangazo. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwako, nachambua mchele, nimekuambia nimalize kwanza. Macho yako yalikuwa yameshaanza kwenda na ulikuwa bado unachora, ukachora povu, ukaona yai. Halafu ukaniita kwa sauti ya mtu anayetaka kunawa.

Mashine ikauliza, mawili au matatu? Pendo alikuwa analia. Akasema, "Mama, tunaweza kuliacha. Ni moja tu. Nani atajua?" Alikuwa ananipa zawadi, mtoto wa watu. Nilikuwa naitaka. Nilitaka lile duara libaki kwenye mashine ile ya nchi ya baridi mpaka mwisho wa dunia, kitu cha mwisho mkono wako ulichokifanya.

Lakini nikikubali nimekufuata. Na mashine itaamini, maana imesikia kwa wawili. Kesho mtoto wa Kayenze anapigwa picha, ina povu, mashine inasema anaumwa, Shija na mama yake walisema. Na ulikuwa siyo mtu wa kuacha kitu kibaya kipite kwa sababu ya kuonewa huruma. Siku nilipokuletea habari ya kidumu cha njano hukunionea huruma, ulinionyesha nilichoruka.

Nikamwambia Pendo, nionyeshe pa kufutia.

Nikalifuta mimi. Lilikwenda bila sauti. Nilidhani patabaki alama, kama kikombe kinavyoacha mezani. Hapakubaki kitu.

Fungu likatoka. Pendo akanionyesha kitone chako, kilikuwa kijani, tukiwa tunakitazama kikawa kijivu. Kompyuta ikahema mara moja, ikanyamaza. Fungu la Pendo likaingia mdomoni. Watoto wa vijiji vitatu.

Sasa sikia ninachokuahidi, kisha nikuache. Kazi naendelea nayo. Wamempa Pendo rangi ya bluu. Nilitaka kukataa, nikaacha, maana lazima mtu mmoja awe bluu. Kila ikitokea nashtuka, moyo unaruka kwenda mlangoni, halafu nakumbuka. Itaendelea kuwa hivyo, naona. Lakini sitamfuata Pendo, na wewe sitakufuata tena. Nitachora ninachokiona mpaka macho haya yagome, na siku yakigoma nitasema yamegoma, sitadanganya. Na nikipita watoto wana ndoo zao sigeuzi uso. Nawaambia kilichomo kwenye maji yale. Wananiita bibi mwenye makelele. Waniite.

Chumba kiko kimya. Kikombe nimerudisha kimoja kabatini. Kile kijisauti cha kipanya bado nakisikia mara moja moja nikiwa jikoni, sijamwambia Pendo, ndiyo kwanza anajua sasa hivi anavyoandika. Ameacha kuandika ananitazama. Andika, mwanangu.

Lala, Shija, ng'wana wane. Duara lako la mwisho lilikuwa povu na mimi ndiye niliyelifuta, kwa mkono wangu. Akija mtu huko kukusimulia, mwambie mama alishakuambia.